Kifuniko cha Lavinia

Sogeeni hapa karibu na jiko, wajukuu zangu. Corinne, zima hiyo redio. Nyamazeni kabisa, maana habari hii siipazii sauti.

Dada yangu Verna aliolewa na Merrill, fundi wa mashua za mbao. Mume mwema, hana ugomvi na mtu. Tatizo lake lilikuwa Lavinia, mashua ya matanga iliyoundwa hapa hapa pwani yetu ya Maine kwa ajili ya matajiri waliokuja kupumzika majira ya joto. Siku moja ya tufani ilizama ikiwa imefungwa bandarini. Baharia wao, Ansel, alikuwa ndani. Walikuwa wamemfungia kwa nje kifuniko cha tundu la kushukia chini ya sitaha, alale ulevi umtoke. Mashua ikainuliwa, Ansel akazikwa, nayo ikakaa bandani miaka na miaka mpaka Merrill akaipata.

Akaishughulikia kama mgonjwa. Mbavu mpya, mbao mpya za ubavuni, mlingoti mpya. Verna akawa anampelekea chakula huko huko bandani, nami nikimsindikiza.

"Laiti ningekuwa ubao wa mwaloni," alimwambia, "na mimi ningepapaswa hivyo."

"Wewe huvuji, mke wangu. Anayevuja ndiye anayepapaswa."

Tukacheka mpaka machozi.

Lakini kile kifuniko. Upande wake wa chini ulikuwa na mikwaruzo. Ya kucha.

"Shemeji, kichome hicho," nilimwambia.

"Shemeji, huu ni ubao wa msaji, wa tangu mashua ilipoundwa. Nikiondoa kila kitu, itabaki Lavinia gani?"

Mafundi wetu ndivyo walivyo. Ubao wa zamani ukiwa mzima hawautupi, hata kama umetoka kwenye jeneza. Akaupiga msasa hadi ukawa laini kama shavu la mtoto, akaupaka vanishi, ukang'aa. Asubuhi yake akaniita nitazame. Mikwaruzo ilikuwa juu ya vanishi mpya.

Hata hivyo akakifunga kifuniko mahali pake. Kwa Verna hakulitaja jambo hilo.

Tuliishusha majini asubuhi moja ya Mei, ukungu umelala juu ya maji. Mashua iliyokaa sana nchi kavu huwa mbao zake zimeachana. Lazima ivuje kwanza, mpaka mbao zivimbe zijizibe zenyewe. Basi huachwa kwenye mikanda ya kreni, yenyewe inakunywa maji, watu wanakunywa kahawa. Merrill akashuka ndani kuangalia panapovuja. Kifuniko alikiacha wazi. Nilikiona kwa macho yangu haya.

Tukawa tunakula donati. Mara, ngo, ngo, ngo.

"Anakalafati huyo, anaziba nyufa," alisema Clyde, mwenye kreni. "Hata harusini kwake alikuja na nyundo."

"Na alichelewa kwa ajili ya msumari mmoja!" akadakia Verna.

Ngo, ngo. Ngongongo.

"Taratibu, mzee, utaitoboa!" Clyde akapaza sauti. Watu wakaangua kicheko.

Kisha kimya.

Verna akaweka kikombe chini. Akaniinamia sikioni. "Nyundo yake," akanong'ona, "iko hapa kwenye kikapu changu."

Tulikimbia. Kifuniko kilikuwa kimefungwa. Kimevimba. Kimebana. Clyde alikipasua kwa shoka.

Merrill alikuwa ameketi, mgongo ubavuni mwa mashua. Maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu tu. Shati lake kavu. Kiberiti mfukoni kikavu. Daktari tuliyemwita alipombonyeza kifua, maji ya bahari yakamtoka mdomoni. Yakatoka. Yakazidi kutoka.

Kucha zake zote zilikuwa nzima.

Lavinia tukairudisha bandani, juu ya magogo, mbali na bahari. Baada ya mazishi Verna akaenda na mafuta ya taa aiteketeze. Akachungulia ndani. Maji yalikuwa yamejaa hadi magotini. Mvua haikuwa imenyesha, na paa halivuji. Na chini ya sitaha mtu alikuwa anagonga, polepole, kama anayeogopa kusumbua.

Verna akashika ndoo, akayakumba na kuyamwaga nje. Yalipopungua, kugonga kukakoma.

"Yakipanda, mume wangu anazama upya," aliniambia. "Nikiichoma, nitamchoma akiwa humo."

Tulimwita mchungaji. Aliomba, akaondoka bila kofia yake, na hakuirudia. Verna akakumba maji kila siku ya Mungu, mpaka mgongo ukapinda, mpaka siku aliyodondoka kwenye ngazi ya mashua, akafa.

Nyumba yake ilikwenda kwa mpwa wa Merrill, akaiuza bila kuja kuiona. Vifaa vya ufundi akapewa Clyde, naye hakuvigusa hadi kufa. Mimi nilirithi ndoo. Mgongo wangu mnauona. Jana sikuweza kupanda ile ngazi, na leo pia sijaweza.

Corinne, mikono yako ndiyo yenye nguvu humu ndani. Ndoo ni yako.