Mafuta Niliyomwaga Kwenye Sinki

Kwetu Ngoliba hatukuwa na sinki. Mama alipomaliza kukaanga, mafuta machafu aliyamwaga nyuma ya jikoni. Mchanga ni mkavu, jua ni kali, mafuta yanaingia chini, kuku wanakuja kuparura. Mambo yameisha.

Nilipoolewa na Muoki tukahamia Mugutha, huku Ruiru, kwa ploti ya nyumba sita. Hapo ndipo nilipata sinki yangu ya kwanza. Niliisugua mara tatu kwa siku. Majani ya chai, ndani. Maji ya nyama, ndani. Mafuta ya kukaangia, ndani. Nilijiambia, sinki ni ya nini kama si ya kumwaga vitu?

Wewe mama unayesoma hii polepole, kidole kikifuata maneno, usifanye nilivyofanya mimi.

Jirani yangu wa mlango wa pili anaitwa Gathoni. Sisi humwita Mama Boaz. Nitasema ukweli: nilimwonea wivu. Mandazi yake yanafura kama mto wa kulalia. Pazia zake ni nyeupe na zinabaki nyeupe. Mtoto wangu Kanini, wa miaka minne, akisikia harufu ya kukaanga kule, anaacha chakula changu na kwenda kusimama mlangoni pake. Na sinki yake! Yangu ilikunywa maji polepole, ikikoroma kama mzee amelala. Yake ilimeza mara moja. Nilidhani fundi alimpendelea, akamwekea paipu nzuri.

Kitu kimoja tu cha Mama Boaz kilinichekesha. Chini ya sinki alikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, lenye kifuniko. Akimaliza kupika hamwagi mafuta. Anangoja yapoe, anayachuja ndani ya kopo.

"Anajifanya tajiri na anaweka mafuta ya jana," nilimwambia Muoki.

"Wewe umejuaje mambo ya kopo lake?"

"Nimeona tu nikipita."

"Umepita mara ngapi?"

Nikaenda kusugua sinki.

Sasa, kila Jumamosi akina mama wa jumuia yetu husali kwa nyumba ya mmoja wetu, na mwenye nyumba hupika. Zamu ya Mama Boaz ilipofika, kiongozi wetu Beth alikula mandazi manne, halafu akaomba moja la kubeba njiani. Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yangu. Niliapa moyoni: kwangu atakula matano.

Ijumaa mchana nilimkaangia Muoki nyama ya nguruwe. Jioni nikakaanga mandazi, beseni nzima. Mafuta yalibaki karibu nusu sufuria, meusi, yenye makombo. Yakiwa bado moto niliinua sufuria, Kanini akizunguka miguuni pangu, nikayamwaga yote kwenye sinki. Nikafuatisha birika la maji yanayochemka na sabuni ya unga. Hivyo ndivyo nilivyofanya siku zote. Si maji moto yanayeyusha mafuta? Nikaona yameshuka. Nikafurahi.

Asubuhi nilifungua mfereji nioshe vikombe. Maji yakakaa. Yakapanda. Nikachokora kwa kijiti, wapi. Yakaja juu na utando mweupe, yakamwagika sakafuni, yakatoka kwa veranda hadi ngazi ya Mama Boaz. Harufu ilikuwa ya mchuzi uliosahauliwa wiki. Na wageni wangekuja saa nane.

Beth alikuwa amefika mapema kunisaidia kupanga viti. Nilimwona akiyaangalia yale maji. Mdomo wangu ukakimbia mbele yangu.

"Ni Mama Boaz! Yeye ndiye hukaanga kila siku. Mafuta yake yametuzibia paipu!"

Mama Boaz alikuwa amesimama na fagio, anasukuma hayo maji machafu mlangoni pake.

"Mimi, Mama Kanini?"

"Ni nani mwingine? Ploti nzima inanusa mandazi yako."

Aliegemeza fagio ukutani. Alitoa simu akampigia fundi.

Fundi Githae alikuja na waya wake mrefu. Akafungua vifuniko vya mtaro nyuma ya nyumba.

"Wamama, kujeni muone. Hii paipu ni ya Mama Boaz. Hii nyingine ni ya Mama Kanini. Zinakutana pale mbele."

Akamwaga ndoo ya maji kwenye sinki ya Mama Boaz. Maji yakapita mbele yetu, safi. Kisha akaingiza waya kwenye paipu yangu. Akasukuma, akavuta. Kikatoka kitu kinene, cheupe, kirefu kama mshumaa wa kanisa. Ndani yake kulikuwa na majani ya chai na kipande cha ngozi ya nguruwe.

"Nguruwe ilipikwa kwa nani jana?" Githae akauliza.

"Githae, fanya kazi," Beth akamwambia.

Nilijitetea. "Lakini mimi humwaga na maji moto!"

Githae akacheka. "Mathe, maji moto inasukuma tu. Mafuta ikifika huko chini kwa baridi, inaganda, kama ile ya juu ya mchuzi asubuhi. Leo inashika ukuta wa paipu. Kesho ingine inashika juu yake. Majani inakwama hapo. Mwisho njia inafunga."

"Na sabuni?"

"Sabuni inaosha sufuria. Haioshi paipu mpaka Thika."

Alisema kwamba kazi ingeisha jioni, kwa sababu mafuta yalikuwa yameshika mbele zaidi ndani ya paipu yangu. Nilisimama hapo na beseni yangu ya mandazi. Nyumba ilinuka, sakafu ilikuwa maji, na kila mtu alikuwa amesikia nilivyomsingizia mwenzangu.

Ndipo Mama Boaz akasema, "Leta hayo mandazi kwangu. Wageni watakaa kwangu."

Nilitaka kulia. Siku yangu, kwa viti vyake, chini ya pazia zake! Lakini akina mama walipofika, alisimama mlangoni akawaambia, "Karibuni. Leo ni zamu ya Mama Kanini. Mimi nimetoa nyumba tu."

Beth alikula matatu. Nilihesabu.

Walipoondoka nilibaki nikipiga deki sakafu ya Mama Boaz.

"Nisamehe. Nilikusema vibaya mbele ya watu."

"Ulinisema, na iliniuma," alijibu. Halafu akavuta kopo. "Kaa hapa nikuonyeshe. Najua umekuwa ukiliangalia."

"Ulijua?"

"Mtu akipita dirishani mara sita na ndoo tupu, nitakosa kujua?"

Tukacheka, mimi kwa aibu.

Akaniambia, "Kwanza zima moto. Mafuta moto usiyabebe, na mtoto asiwe karibu. Jana niliwaona nikipita; ungemchoma Kanini. Na usiyatie maji yakiwa moto, yatakurukia usoni. Yaache yapoe, mahali mtoto hafiki. Yakipoa, yaangalie. Kama bado ni safi, chuja, weka kwa kopo, funika, utapikia tena mara moja au mbili. Yakiwa meusi, au yananuka, au yanatoa povu ukipika, hayo yamekufa."

"Hayo ndiyo ya kumwaga?"

"Hata hayo humwagi. Chukua pakiti ya unga iliyoisha. Jaza jivu lililopoa, au vipande vya gazeti. Mimina mafuta kidogo kidogo mpaka yanywewe yote. Kunja, tia kwa takataka, mbali na jiko kwa sababu inashika moto haraka. Sufuria nayo ipanguse kwa karatasi kabla ya kuiosha. Na ununue kichujio cha sinki, majani ya chai yabaki juu."

"Kwetu tulikuwa tunamwaga nje tu."

"Kwenu kulikuwa na shamba. Hapa nje ya mlango wako ni mlango wangu."

Hilo neno sijalisahau.

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku hiyo. Sinki yangu haikoromi tena. Githae hajarudi na waya wake. Nikikaanga, Kanini anajua kusimama nyuma ya mstari niliochora kwa chaki mlangoni, na anamkemea hata baba yake akiuvuka. Mama, mtoto hajui mafuta ni moto. Chora mstari wako leo.

Wivu? Umebaki kidogo. Mandazi yake bado yanafura kuliko yangu. Lakini juzi nilikuwa napangusa sufuria, nikamwona Mama Boaz akipita dirishani kwangu. Akapita tena. Nikamwita, "Ingia uone kopo!"

Akaingia, akaligeuza mkononi.

"Ai, Mama Kanini," akasema, "lako linafunga vizuri kuliko langu."

Nilifurahi mpaka jioni.