Koo Lililotiwa Ganzi

Siku za shule Idalmis alitoka darasani, akapita kwenye dirisha la mkahawa ambako mama yake, Zoraida, aliuza kahawa, akala mkate wenye jibini amesimama hapo hapo, kisha akaenda studio. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Mtaa wao wa Hialeah, kule Florida, ulijaa Wakuba, na wimbo wake wa kwanza, wa Kihispania, ulikuwa umeanza kupigwa redioni.

"Nyota wetu huyo!" wazee wa dirishani walimtania. "Ukinunua gari kubwa usije ukatukanyaga!"

"Nitawapigia honi kwanza, babu," alijibu, nao wakacheka mpaka kahawa ikawapalia.

Studio ilikuwa ya Fermín, meneja wake. Pale kila wimbo uliimbwa mara mbili, kwanza kwa Kihispania kwa ajili ya watu wa mtaani, halafu kwa Kiingereza kwa ajili ya Marekani yote. Meneja mwenye huruma angempumzisha mtoto siku kadhaa katikati. Fermín hakumpumzisha hata kidogo. "Koo likishapata moto ndiyo wakati wake," alisema. Basi koo la mtoto likafanya kazi ya makoo mawili.

Haukupita muda sauti ikaanza kukwaruza. Siku moja Idalmis alishika shingo, machozi yakamlengalenga. Fermín akatoa kichupa mfukoni.

"Fungua mdomo, bibie."

Akampulizia. Ubaridi ukashuka kooni, na maumivu yote yakatoweka kama hayakuwahi kuwepo.

"Umeona? Kaa nacho. Ila mama yako usimwambie. Akina mama huogopa hata kivuli chao. Atakutoa hapa, na redio itakusahau."

Idalmis akakificha kichupa kwenye mkoba. Laiti angekimbilia dirisha la mama yake saa ile ile! Hakwenda. Mwanzoni alipuliza koo lilipouma. Baadaye akawa anapuliza hata kabla halijauma.

"Mbona sauti imekuwa hivyo?" mama aliuliza.

"Mafua tu, mama."

Jumamosi moja asubuhi Zoraida alimimina maziwa yanayochemka juu ya kahawa, kama watoto wa kwao wanavyoipenda, akaweka kikombe mezani. Alipogeuka, Idalmis alikuwa ameshakunywa nusu. Mvuke ulikuwa bado unapanda.

"We! Hujaungua?"

"Mbona iko poa tu, mama."

Zoraida akaonja. Ulimi ukawaka moto, akakitua kikombe kwa kishindo. Akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa akifuta midomo taratibu kama aliyekunywa maji ya mtungini.

"Leo nakwenda na wewe studio," akasema.

Zoraida alikaa nyuma ya kioo cha chumba cha kurekodia. Wimbo wa Kihispania ulipita salama. Wa Kiingereza ulipofika pale juu kabisa, sauti ya Idalmis ilikatika ghafla. Akafungua mdomo tena, ikatoka hewa tupu. Hakusikia maumivu yoyote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Akakohoa kwenye kitambaa. Palikuwa na uzi mwembamba wa damu.

"Kunywa maji, bibie," Fermín akasema kwenye spika. "Turudie kipande hicho kimoja tu."

"Turudie nini?" Zoraida alikuwa ameshasimama. "Mtoto anatema damu, wewe unadai kipande?"

Hospitalini, Daktari Benavides alimpitishia Idalmis kamera nyembamba puani mpaka kooni, akatazama kwa makini.

"Kuna dawa yoyote anayotumia?"

"Hakuna, daktari," Zoraida akajibu. "Yeye huniambia ni mafua tu."

Idalmis aliinamisha kichwa. Akikitoa kichupa, Fermín atamwacha. Asipokitoa, daktari atamtibu gizani. Daktari alikuwa tayari ameshika kalamu. Idalmis akavuta mkono wa mama yake, akafungua mkoba wake mwenyewe, akakiweka kichupa mezani.

Daktari akakisoma. "Hii ni dawa ya ganzi. Mshipa mdogo umepasuka kwenye nyuzi zako za sauti. Ungeendelea kuimba bila kusikia maumivu, lingebaki kovu, na huenda sauti yako isingerudi tena. Umefanya vyema kunionyesha. Sasa ni kimya kabisa. Hata kunong'ona, marufuku."

Fermín alikuja nyumbani baada ya siku chache. "Wimbo wa Kiingereza ukichelewa, natafuta mtoto mwingine."

"Katafute," Zoraida akamwambia mlangoni. "Na kuhusu kichupa chako, mama wa huyo mtoto mwingine nitamwambia mimi mwenyewe."

Siku zile za kimya zilikuwa ndefu. Kila wimbo wake ulipopigwa redioni, Idalmis alijiuliza kama msichana yule anayeimba bado yupo. Mwishowe daktari akaingiza tena kamera, akatabasamu. Nyuzi zilikuwa zimepona.

Njiani kurudi nyumbani Zoraida alisimama, akamshika mabega.

"Mwanangu, maumivu yalikuwa yanakuita, ukayaziba mdomo. Mimi nikakuuliza, ukaniambia mafua. Kuimba utaimba, kwa mwalimu mwema na kwa kupumzika. Lakini mtu mzima akikupa kitu na kukwambia mama asijue, kiache hapo hapo, uje mbio uniambie. Umenisikia?"

Idalmis alimeza mate, akaogopa kidogo, kisha akafungua mdomo.

"Nimesikia, mama."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza baada ya kimya kile, na sauti ilikuwa yake.