Nyumba Tupu Inayotazama

Ningesema ni porojo, ila aliyepatwa na kisa hiki ni shemeji yangu, fundi wa kampuni ya kebo ya televisheni iliyoanza na dishi moja juu ya duka. Siku hizi mitambo yao mipya inaonyesha ofisini kila nyumba inayotazama, hadi kiwango cha sauti. Ikaonekana inatazama moja isiyo na mtu wala umeme miaka miwili. Akatumwa akakate waya.

Darini, waya ulikopita, giza totoro, na mnong'ono kama wa msoma habari. Akakata haraka, akampigia simu dada wa mitamboni.

"Umekata kweli?"

"Dada, ncha ninayo mkononi!"

"Mbona bado anatazama? Ngoja… sasa hivi amepunguza sauti."

Na mle darini, ule mnong'ono ukafifia.