Mishono Kumi na Minne

Mkanda wa begi ulikatika pale pale stendi, katikati ya watu wanaokimbilia mabasi, na begi zima la kilo kumi na nne likatua juu ya mguu wa mwanamume mmoja.

"Mama yangu wee," mwanamume akaguna, akashika goti.

Mwenye begi, fundi cherehani, akasimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Ilikuwa siku ya tisa tangu avuke mpaka wa kwao, siku tisa za kuongea kwa mikono na kutabasamu mpaka mashavu yanauma. Na hapa, katika nchi ya watu, mtu anaumia kwa Kiswahili.

"Samahani, kaka. Umeumia?"

"Mguu umeumia. Masikio yamepona." Alimtazama toka viatuni mpaka kichwani. "Umebeba nini humu, dada? Cherehani?"

"Cherehani nimeiacha nyumbani. Hapo kuna sindano, nyuzi, mkasi na nguo tatu."

"Nguo tatu kilo zote hizi?"

"Na viatu. Usinipekue, wewe si forodha."

Akaketi kwenye ukingo wa ukuta, akatoa uzi wa nta na sindano nene ya ngozi, akaanza kazi. Alivaa suruali ya kijivu aliyoishona mwenyewe, mifuko sita, kila mfuko na zipu yake, na shati jeupe ambalo baada ya siku tisa lilikuwa bado jeupe. Mwanamume alibaki amesimama. Alikuwa na koti la rangi ya chungwa lililopauka mabegani, majani makavu kwenye soksi, na uso uliochomwa na jua isipokuwa miduara miwili kuzunguka macho, mahali pa miwani. Basi lake likapiga honi, likaondoka. Hakugeuka hata kulitazama.

"Basi lako si ndilo lile?"

"Ndilo. Mkono wako una mwendo mzuri. Sijawahi kuona mtu anashona bila kutazama."

"Natazama. Sikutazami wewe tu."

Mwanamume akacheka, na fundi, ambaye alikuwa amefikisha miaka thelathini na minne akiwashonea wanawake wengine magauni ya harusi, akajichoma kidole.

Yule bwana alikuwa rubani wa parashuti za mlimani. Mwaka wa tisa sasa alikuwa akiishi katika mji ule, akiwafunga watalii kifuani pake na kukimbia nao mpaka ardhi inapoisha.

"Kwa hiyo kazi yako ni kuwatupa watu mlimani," fundi alisema.

"Tunajitupa pamoja. Ndiyo maana wananiamini."

Fundi alikuwa amepanga kulala siku mbili katika mji ule kisha aendelee na safari. Siku mbili zikawa kumi. Asubuhi rubani alikuwa kazini; mchana alimfundisha kupanda mwamba kwa kamba, yeye chini ameishika, fundi juu amekwama kama mjusi.

"Weka mguu wa kulia pale kwenye ufa, kipenzi."

"Nani kipenzi chako?"

"Aliyekwama huko juu. Akishuka tutamuuliza kama anakubali."

Siku nyingine wakateleza kwenye waya juu ya bonde, na fundi alipiga kelele toka mwanzo hadi mwisho, kisha akaomba arudie. Jioni, kila mmoja akiwa kwake, simu ilianza.

"Umekula?"

"Nimekula. Umeniuliza hivyo robo saa iliyopita."

"Najua. Nilitaka sauti."

Kilichobaki kilikuwa kuruka. Hapo fundi aligoma. Mwamba aliushika kwa mikono. Hewa angeishika kwa kitu gani? Rubani hakumsukuma. "Siku ukiwa tayari utaniambia. Mlima hauhami."

Kwao fundi, mtu hakuambiwa kwamba anapendwa. Aliamka tu akakuta kifungo chake kimerudishwa, pindo la sketi limeinuliwa, soksi imezibwa. Mama yake, muuguzi mstaafu mwenye maneno machache na makali, alikuwa na usemi mmoja kwa kila jambo: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo mchana mmoja fundi alipokuwa kwenye ghala la parashuti akimngoja rubani, akaona kiti cha abiria kimetundikwa, kile cha mikanda ambacho mtu hukalia angani, na kwenye mkanda wa bega la kushoto mshono umelegea kidogo pembeni, mikono yake haikuomba ushauri kwa mtu. Alitoa sindano ile nene, akatafuta uzi mwekundu unaofanana, akashona mishono kumi na minne iliyolala sawasawa kama meno ya mtoto. Akarudisha kiti kwenye ndoano. Moyo ulikuwa mwepesi. Akaona sasa anaweza kuruka. Atakaa juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe.

"Kesho," alimwambia rubani. "Niko tayari."

Rubani akamshika uso kwa mikono miwili.

Kesho yake jua lilikuwa wazi, upepo wa kiasi. Mlimani kulikuwa na wageni kumi na wawili na marubani wanne, parashuti zimetandazwa kwenye nyasi. Fundi alifungwa ndani ya kiti, helmeti kichwani. Rubani akaanza ukaguzi wake wa mwisho, vidole vikipita juu ya kila mkanda, kila pete. Kwenye bega la kushoto vidole vikasimama.

"Nani ameshona hapa?"

Fundi alikuwa akiingoja saa hiyo tangu jana. Akatabasamu. "Mimi. Umeona? Huwezi kujua hata uzi unaishia wapi."

Rubani hakutabasamu. Alifungua kifungo cha kifua, cha mguu wa kulia, cha mguu wa kushoto, akamtoa ndani ya kiti kama mtu anayemtoa mtoto kwenye jiko. Akachomoa kisu kiunoni. Pale pale, mbele ya wageni wote, akaukata ule mkanda juu ya mishono, akaukata chini yake, akakata na mingine mpaka kiti kikawa matambara.

"Leo huruki," alisema kwa sauti kavu. Akawageukia wenzake, akainua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa. Kila rubani akaanza kumfungua abiria wake. Wageni walimtazama fundi. Mmoja alicheka, pengine kwa jambo lake mwenyewe, lakini kicheko kikikukuta mahali kama pale unakivaa tu, hata kama si saizi yako.

Fundi alishuka mlima kwa miguu. Alitembea polepole hatua mia za kwanza, akisikiliza kama kuna mtu nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Alifika hosteli, akapanga begi, akakaa kitandani saa nzima akitazama mlango. Akapiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Basi, akasema. Zawadi imekatwa kwa kisu hadharani, na aliyekata hata simu hapokei. Akapanda basi la saa tisa.

Jioni, akiwa mbali tayari, simu yake ililia mara saba. Akaandika: "Nimeshaondoka. Asante kwa yote." Akaizima.

Mji wa pili ulikuwa wa mto. Safari yake ilibakiza siku tano, na fundi hakuwa mtu wa kulia chumbani wakati nje kuna jambo la kufanya. Asubuhi alipanda boti la mpira pamoja na wageni wengine watano, kasia mkononi. Nahodha alikuwa mama wa makamo mwenye mabega mapana na sauti ya kuamrisha maji. Kwenye mteremko wa tatu boti liliinama na fundi akatoka kama mbegu iliyobanwa vidoleni. Maji yalimpindua mara moja, mara mbili, akasahau juu ni wapi. Halafu jaketi la kuelea likamvuta mabegani, likampandisha kwenye hewa. Mama nahodha alimkamata kwa mkanda wa jaketi hilo hilo, akamtupa ndani ya boti kama gunia.

Ufukweni fundi alikaa juu ya jiwe akikohoa na kushukuru, akalishika lile jaketi kama mtu anavyoshika mkono wa jirani mwema. Karibu yake mama nahodha alikuwa akikagua mengine. Akafika kwenye moja lililoshonwa begani na mtu asiyejulikana, mshono safi kabisa. Jicho la fundi likausifu kabla hajapenda. Nahodha alipiga ulimi kwa hasira, akatoa kisu, akaanza kukata.

Fundi alinyoosha mkono: kwa nini? Lugha ya pamoja hawakuwa nayo. Mama akamsogelea, akaweka ncha ya kisu chini ya mshono, akamwonyesha matundu ya sindano, moja moja, yamejipanga. Kisha akashika mkanda pande mbili, akauvuta kwa nguvu zake zote. Ukachanika juu ya ule mstari wa matundu, kama karatasi iliyotobolewa ili ichanwe kirahisi.

Hapo fundi aliona giza. Miaka kumi na minane ya cherehani, na hilo hakuhitaji kufundishwa na mtu. Sindano nene, matundu ya karibu karibu, kwenye mkanda unaobeba uzito: unaufungulia njia ya kuchanikia. Mishono kumi na minne. Na aliyekuwa akae ndani yake ni yeye.

Akamshika mama nahodha mkono, akamshukuru kwa maneno ambayo yule mama hakuyaelewa. Kisha akawasha simu na kumpigia mama yake mwenyewe. Alimweleza yote, hakuficha kitu.

"Ngoja nielewe," mama alisema. "Mwanamume amekataa kukuua, na wewe umenuna."

"Mama, alinikatia mbele za watu."

"Ulitaka akukatie chumbani? Mimi nimekaa wodini miaka thelathini. Glavu mpya ikigusa meza, naitupa. Sijawahi kuiomba samahani glavu."

"Hakunifuata."

"Ulimuuliza kwa nini?"

Fundi akakamua maji kwenye pindo la shati lake.

"Basi mpigie huyo, mimi usinimalizie chaji. Na mwanangu."

"Abee, mama."

"Mwambie mama yako anashukuru. Mpaka mwisho wa siku zangu nitamshukuru."

Rubani alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Uko salama?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Niko salama. Nilianguka mtoni."

"Ulianguka wapi?"

"Nyamaza kwanza, niseme kabla sijaogopa. Nilishika chombo cha watu bila kuuliza. Mteja akigusa mkasi wangu namtoa nje ya duka, na mimi nimetia sindano kwenye roho za watu nikaona nimetoa zawadi. Nisamehe. Na asante. Asante kwa kunitoa kwenye kile kiti."

Upande wa pili alisikika akivuta pumzi. "Na mimi nilikukosea. Mkanda ulikuwa lazima ukatwe, lakini wewe ulistahili maneno. Nilipoona yale matundu, nikakuona umekaa ndani yake unanichekea, kinywa kikakauka. Mkono ukafanya kilichobaki."

"Mbona hukunifuata?"

"Kiti kimoja kikikutwa na kasoro, vyote vinashushwa. Hakuna anayeruka wala kuondoka mpaka kila kiti kikaguliwe mshono kwa mshono, na simu zinafungiwa kabatini ili mtu asivurugwe. Tulimaliza jioni. Nilikimbia hosteli na viatu vya kazi. Dada wa mapokezi akanionyesha kitanda kitupu."

"Ulilia?"

"Hilo halimo kwenye taarifa ya ukaguzi."

Fundi akacheka mpaka kikohozi cha mtoni kikamrudia.

"Rudi, roho yangu," rubani alisema. "Au nije mimi. Chagua wewe, lakini tusikae miji miwili."

Alirudi kwa basi la saa sita. Rubani alimngoja stendi, ameshanyoa, shati limepigwa pasi vibaya mno, mkunjo mmoja kifuani kama barabara kuu. Fundi aliuona mkunjo, mikono ikamwasha, akaiweka mifukoni. "Naomba ruhusa," alisema. "Shati lako limekunjamana. Naweza kulinyoosha?"

"Ruhusa imetolewa," rubani akasema, na hapo ndipo walipokumbatiana, watu wakiwapita kulia na kushoto na mizigo yao.

Siku mbili kabla ya ndege ya kurudi kwao, walisimama tena mlimani. Kiti kilikuwa kipya, bado kinanuka kiwanda. Rubani alikagua kila mkanda, safari hii kwa sauti, akimtajia kila anachokigusa na kazi yake. Alipomaliza hakuinuka. Alibaki amepiga goti kwenye nyasi mbele yake.

"Nina swali. Nakuuliza hapa chini kwa sababu huko juu si haki. Mtu mwenye woga angani hukubali chochote."

"Uliza."

"Nataka kuja kwenu kumwona mama. Nimwombe mkono wako. Milima hata kwenu ipo. Sindano zako siwezi kuzihamisha, lakini mimi nahamishika. Usinijibu sasa. Tua kwanza, miguu yako ikishika ardhi ndipo useme unachotaka."

Macho ya fundi yalijaa maji. Alitikisa kichwa kukubali masharti, na rubani akajifunga nyuma yake.

"Kimbia. Usikae mpaka nikuambie."

Alikimbia. Hatua ya tatu ilipiga nyasi, ya nne ilipiga hewa, na mji wote ukashuka chini yake taratibu: mapaa, stendi, watu wadogo kama vifungo. Alingoja woga uje. Haukuja. Alisikia kifua cha rubani mgongoni mwake kikipanda na kushuka, mikanda imemshika pande zote, na moyoni hakuwa na neno ila asante, kwa kisu, kwa mto, kwa mama mkali, kwa siku zote ambazo karibu azikose.

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Jibu lako."

"Tulikubaliana ukitua."

"Tulikubaliana kwa sababu ya woga. Siogopi. Kwa hiyo ndiyo."

Na rubani, ambaye tangu aianze kazi ile alikuwa hajawahi kutua ila kwa miguu, siku hiyo alitua kwa makalio, na mchumba wake juu yake, na parashuti ikawafunika wote wawili.