Mguu wa Tatu wa Plagi

Enyi wakazi wa sebule zote, tegeni masikio! Leo nawafunulia siri nzito za umeme, elimu niliyoipata kwa jasho katika shule ya bweni. Alama zangu za fizikia hazihusiani na tangazo hili.

Nyumbani tuna televisheni, amplifaya, spika tano ndogo na spika moja ya besi, nene kama pipa. Jumamosi mchana Baba alitaka kutuonyesha video ya harusi ya mjomba. Bibi hakuweza kusafiri kwenda harusini. Macho yake yamefifia, kwa hiyo video huifuata kwa masikio, na vitu huvijua kwa kuvipapasa. Alikaa mbele kabisa, mkongojo mapajani, akingoja kumsikia mwanawe akisema "Ndiyo."

Spika zikasema, "Mmmmmmmm."

"Mkwe wangu," Bibi akauliza, "hii harusi walifungia ndani ya mzinga wa nyuki?"

Baba akapunguza sauti. Bwana harusi akanyamaza. Mvumo ukabaki.

"Ni mambo ya ardhi hayo," nikasema, kwa upole wa profesa. "Sisi bwenini tunakata ule mguu wa tatu wa plagi. Kelele kwisha."

Baba akaenda kuleta plaizi.

Ndipo akaingia jirani yetu, fundi umeme. Mtaa mzima humwita Dada Testa, kwa kuwa testa yake ya kupimia umeme hukaa sikioni kama kalamu ya karani. Alikuja kurudisha ngazi.

"Shemeji, plaizi ya nini?"

"Nakata huu mguu mrefu. Ndio unaoleta kelele."

"Hebu ngoja. Bibi, lete mkongojo wako nao tuukate."

Bibi akaukumbatia. "Thubutu! Huu ndio mguu wangu wa tatu. Nikiteleza nitashika nini?"

"Umemsikia, shemeji? Na plagi ni vivyo hivyo. Waya ukichubuka ndani, umeme huingia kwenye bati la amplifaya. Mguu huu huupeleka ardhini. Ukiukata, umeme utamngoja mtu wa kwanza kuligusa."

Sote tukatazama vidole vya Bibi. Vilikuwa juu ya amplifaya, vinatafuta kitufe cha sauti.

Baba akaweka plaizi chini, polepole.

Dada Testa akazima vyombo vyote. Akachomoa waya wa sauti unaotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika ya besi. Akawasha tena. Kimya.

"Spika ni nzima," akasema. "Amplifaya iko kwenye ekstensheni hii. Besi mmeichomeka wapi?"

"Koridoni," Baba akajibu.

"Basi kuna njia mbili za kwenda ardhini, na waya wa sauti umeziunganisha. Umeme kidogo unazunguka humo kama mbwa anayefukuza mkia wake. Ndio mnaousikia."

"Njia mbili zilimshinda fisi," Bibi akasema.

"Ndiyo hivyo, Bibi. Vyote vichomekwe pamoja hapa. Mvumo usipokwisha, kuna kifaa cha kufungwa kwenye waya wa sauti. Lakini mguu haukatwi. Kelele zilianza lini?"

"Tangu huyu afunge shule," Baba akasema, akinitazama.

"Mbona ekstensheni imejaa? Huu waya mweupe wa nani?"

Akaufuata kwa vidole. Ukapita nyuma ya kochi, ukapita chini ya mto, ukaishia kwenye mfuko wa suruali yangu.

Chaja yangu ikachomolewa, besi ikachukua nafasi yake ya zamani kwenye ekstensheni. Waya wa sauti ukarudishwa. Mjomba akasema "Ndiyo" safi kabisa, hata kikohozi chake kikasikika. Bibi akaomba irudiwe mara tatu. Kisha akaniita nikae karibu naye, upande wa mkongojo.

Basi nakiri. Plagi ya besi niliihamisha mimi, nipate kuchaji simu. Na kuhusu kukata miguu ya plagi bwenini: bweni letu halina hata soketi.