Maji ya Moto Shimoni

Moto wa boila la kinu cha mafuta ya nazi cha Kassam, pale Kilindoni, ulizimika wenyewe asubuhi moja, na kioo cha kupimia maji kinaonyesha yamejaa vizuri kabisa. Wafanyakazi wengine waliusingizia umeme. Tofiki, fundi wa boila, hakumsingizia mtu. Alilitazama tu boila lake, kama unavyomtazama mtoto aliyerudi nyumbani na kiatu kimoja.

Ubavuni mwa boila hukaa chungu kidogo cha chuma chenye boya ndani. Maji yakipungua boya hushuka, swichi ikakata moto, boila lisije likaungua kavu na kupasuka na watu wake. Tope nalo hupenda kujikusanya humo, kwa hiyo kila asubuhi fundi hufungua koki ya chini, maji ya moto yakaruka nje kwa kishindo na mvuke wake. Mafundi wavivu huruka siku. Tofiki hakuruka, na alijisikia kwa hilo. Zamani maji yale yalikwenda mikokoni. Hifadhi ya bahari ilipoanza, watu wake wakaomba yasimwagwe tena huko, na Tofiki akaligeuza bomba lielekee shimo la matumbawe nyuma ya banda. Kina cha shimo lile hakuna aliyekijua.

Siku hiyo alikagua nyaya, akaikwangua swichi, akalitoa boya na kulitikisa sikioni. Halikuwa na tundu. Akalirudisha, moto ukawaka, ukazimika. Kilichobaki ni kuona kama bomba limeziba huko linakomwagia, basi akazunguka nyuma, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipoligeuza bomba, akainama juu ya shimo. Palinuka nywele zilizoungua. Chini huko kitu kilivuta pumzi, polepole, kwa kukwama. Tofiki akajiambia ni upepo, akarudi ndani na kufungua koki, na boila likawaka kama halijawahi kuugua.

Nyumbani alimkuta mkewe, Jamila, amempakata binti yao Biubwa, wa miaka mitano. Mkono wa mtoto ulikuwa na malengelenge toka kiwiko hadi vidoleni.

"Kaungua na nini?"

"Sijui, Baba Biubwa. Alikuwa kakaa mkekani. Jiko hata sijaliwasha."

Kesho yake moto ukazimika tena, kioo kimejaa. Tofiki alirudia kila alichokifanya jana, na kila kitu kilikuwa kizima. Akafungua koki. Mvuke haujatulia bado, jirani yake alikuwa getini anamwita, naye akakimbia hata viatu hakukumbuka, akamkuta Biubwa amelala kifudifudi hawezi hata kulia, ngozi ya mgongo imetutumka, na chumba kizima, kisichokuwa na moto wala kibiriti, kinanuka ile harufu ya shimoni. Hapo akajua ni maji ya koki yake.

Alasiri akaja Mwalimu Muhidini, mganga wa mji, na ubani wake na marashi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tofiki, mkeo akimwaga maji ya moto uani husema nini?"

"Husema bismillahi. Huwaambia wasioonekana wapishe, wasije wakaungua."

"Na wewe huko kinuni ulikuwa ukisema nini?"

"Sikusema kitu," Tofiki alijibu. Uani ni kwa Jamila. Kinuni ni mashine, na hakuwahi kufikiri kwamba mashine nayo inamwaga maji juu ya mtu. Alisikia aibu mpaka masikio yakamchoma.

Ubani ulipopanda Biubwa akafumbua macho, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, iliyochoka.

"Wanangu walikuwa wamelala. Hatukujua ni nani anayetumwagia. Tukamzimia moto wake ili aje ainame, tumwone uso."

"Mnataka nini?" Mwalimu aliuliza kwa upole.

"Asifungue tena."

"Hatafungua."

"Aape mwenyewe."

Tofiki aliapa, msahafu mikononi. Mtoto akalala, harufu ikaondoka, naye baba akatoka uani akalia peke yake.

Kassam, tajiri wa kinu, tumsifu kwa hili: alipouona mgongo wa mtoto hakubishana. "Mbata zitaoza, fundi. Zioze," alisema, akazima boila na kuifunga koki kwa kufuli, ufunguo akaondoka nao.

Asubuhi iliyofuata Tofiki alikaa nyumbani akimnywesha binti yake uji. Biubwa alikuwa akimcheka kwa jinsi anavyopuliza kijiko. Ilipofika ile saa ya koki, saa ambayo mikono yake ilikuwa imeizoea bila kuangalia ukutani, mtoto aliacha kucheka, akateremsha macho kwenye miguu yake mwenyewe, na palepale mbele ya baba na mama, boila likiwa la baridi huko kinuni na kufuli likining'inia kwenye koki, ngozi ya nyayo ikaanza kuinuka taratibu, na ile harufu ikaingia chumbani kama mgeni aliyekwisha kukaribishwa.

Mwalimu aliitwa mbio. Alizitazama nyayo zile, na safari hii ubani hakuutoa.

"Yule wa shimoni alitaka lisiongezeke jipya," alisema kwa sauti ya chini. "Hatukumuuliza habari ya yaliyopita, kila siku na deni lake."

Jamila alimgeukia mumewe. "Baba Biubwa, hiyo koki ulikuwa ukiifungua kila siku?"

"Kila siku."

"Tangu lini?"

Tofiki aliziangalia nyayo za mtoto. Alikumbuka siku aliyoligeuza bomba lile. Biubwa alikuwa bado hajaanza kutambaa.