Mkono wa Bertin Kwenye Kinanda

Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya milima, na ng'ambo ya ziwa, kule Ubwari, mwanga wa mwisho ulikuwa unakufa taratibu, kama kila kitu cha mji wa Baraka, wakati Vainqueur alipokwenda kuchukua batri yake pale wanapochaji kwa jua. Batri mkononi, kinanda mgongoni. Baba yake alimuita Vainqueur, yaani mshindi, siku aliyozaliwa, na tangu siku hiyo hajashinda kitu. Shahada ya chuo anayo, licence ya gestion, tena na distinction, alama za juu. Dossier zake za kuomba kazi zimelala katika ofisi zote kutoka Uvira mpaka Fizi, na kila ofisi ilimpa jibu lile lile: on va vous appeler, tutakupigia. Simu yake iko wazi. Haijalia.

Basi anaipigia kwaya kinanda.

Jioni ile alikuwa anaenda kwa Mama Bertin. Mwanawe Bertin, mpiga gitaa wa kwaya, alifunikwa na shimo la dhahabu kule Misisi mwaka uliopita, na mwili haukutoka. Ukoo ukazika gitaa lake badala yake, ndani ya sanduku, nyuma ya nyumba. Kesho ilikuwa levée de deuil, siku ya mama kuvua nguo nyeusi. Lakini Mama Bertin alikuwa amesema hataivua kwa wimbo wowote isipokuwa ule wa mwanawe, kwa gitaa. Gitaa liko udongoni. Kikabaki kinanda.

"Nataka niisikie mbele ya kesho," alikuwa amemwambia. "Kama haiko mukono yake, sitaivua."

Mlangoni, Casimir, mdogo wake Mama Bertin, alimvuta kando.

"Licencié, fanya vile utaweza. Anaamuka bila kula, analala bila kula. Akibakia mu ile nguo, hatafika Noeli."

"Likambo te, hakuna shida, tonton."

Likambo lilikuwepo. Alikiweka kinanda mezani, pedali yake chini, taa ndogo pembeni, akachagua sauti ya gitaa, akapiga.

Mama Bertin hakuinua uso.

"Ile ni piano yenye iko na mafua."

Casimir akacheka kwa pua. Vainqueur hakucheka, maana mama alisema kweli. Gitaa la kinanda linadanganya kwa sababu mpigaji anabonyeza noti zote pamoja, kama anakanda unga. Akaondoa mguu kwenye pedali. Akaanza kuiviringisha akodi, noti ya chini kwanza, nyingine zikifuata, zimeachana kwa upana wa unywele. Noti ambazo vidole vya mtu haviwezi kuzifikia kwenye shingo ya gitaa, akaziacha. Moja nzito, moja dhaifu, kamwe si sawa.

"Inakaribia," mama akasema. "Kidole gumba yake ilikuwaka inachelewa. Kidogo tu. Sawa mutu anavuta muguu."

Akaichelewesha besi.

"Njo vile, vile alikuwa anapiga..." Sauti yake ilishuka. "Njo vile. Usiachie."

Hakuachia. Uchovu wa mchana mzima ulimkalia mabegani, macho yakawa mazito, vidole vikaanza kwenda vyenyewe. Ndipo aliposikia.

Kwiii.

Fupi. Ule mlio wa kidole kinachoteleza juu ya uzi wa chuma.

Kinanda chake hakina sauti hiyo. Ni kinanda cha bei ya chini, anakijua kama mfuko wake mtupu.

Kwiii...

Halafu harufu. Udongo mbichi, udongo wa shimoni, unaotoka na maji yake. Casimir naye aliisikia. Alisimama, akafunga dirisha la nyuma. Harufu ikazidi.

Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kumchoma. Vainqueur akainua mikono yote miwili juu.

Gitaa halikunyamaza.

Liliumaliza mstari wake wa mwisho bila haraka, kidole gumba kikichelewa. Halikuwa linatoka kwenye kinanda. Lilikuwa linatoka nyuma ya nyumba... chini.

Kisha kimya.

Vainqueur alisogeza mkono wa kushoto kwenye taa. Ncha za vidole vinne zilikuwa na mfereji mwembamba, mwekundu, ulionyooka. Alama ya uzi. Na yeye maisha yake yote hajawahi kushika gitaa.

"Yaya," Casimir akamnong'oneza dada yake. "Siku ya kuzika... nyuzi, ulizikata?"

Mama Bertin akaangalia mikono yake.

Kwao kitu cha marehemu hakiingii kaburini kikiwa kizima. Sahani hutobolewa, nguo huchanwa, ili kitulie na mwenyewe naye atulie. Siku ile mama alilifunga sanduku peke yake, akasema amekwisha kukata. Watu wakakubali. Nani angefungua sanduku mbele ya mama aliyefiwa?

"Ningekata namna gani?" akasema. "Ile njo ilikuwa mwili yake."

Walichimba alfajiri, kabla kwaya haijafika. Vainqueur alichimba pia. Kazi ya kwanza kupewa tangu chuo. Sanduku lilikuwa limeoza pembe zote. Mbao za gitaa zimevimba, zimeota ukungu. Lakini nyuzi... nyuzi ziling'aa. Hazikuwa na hata doa la kutu. Ziling'aa vile zinavyong'aa nyuzi zinazopigwa kila siku.

Casimir akatoa koleo la kukatia waya.

"Leta," mama akasema. "Mi njo nilimuzaa."

Akapiga magoti akiwageuzia mgongo, nguo nyeusi ikalifunika sanduku lote. Wao walisikia tu.

Uzi wa noti ya mi, ule mnene, ulikatika kwa mlio mzito. Uzi wa la. Uzi wa re. Kila mmoja uko katika sauti yake sawasawa, kama mtu amezikaza jana. Uzi wa si. Uzi wa mi mwembamba.

Kifuniko kikafungwa.

Vainqueur akangoja. Gitaa lina nyuzi sita: mi, la, re, sol, si, mi. Sikio lake halina kazi, lakini halijafa. Sol haikulia.

Mama Bertin alisimama taratibu, akamwangalia yeye.

"Imeisha."

"Zote?" Casimir akauliza.

"Uliza mwenye kujua muziki."

Casimir akamgeukia. Vainqueur aliona mashavu ya mama yaliyoingia ndani, mifupa ya shingo, nguo nyeusi iliyopauka mpaka ikafanana na majivu. Akisema ukweli, leo nguo haivuliwi. Na alikuwa amechoka. Amechoka kungoja simu, amechoka kujua vitu ambavyo havimsaidii mtu.

"C'est bon, tonton," akasema. "Zote."

Kwaya ikaja. Vainqueur alipiga kwa sauti ya piano tupu, na mama hakulalamika. Alivuliwa nyeusi, akavikwa kitenge cha njano, vigelegele vikapanda mpaka barabarani. Kisha akala. Alikula bugali na samaki, akaomba aongezewe, na Casimir akalia mbele ya watu bila aibu.

Vainqueur aliletewa sahani na mama mwenyewe. Aliiweka mezani, akauchukua mkono wake wa kushoto, akaufungua kama anatafuta mwiba. Mifereji mitatu ilikuwa imefifia. Ule wa kidole cha kati ulikuwa bado mbichi, unatoa unyevu mwekundu.

Akaukunja ule mkono, polepole, akainama sikioni kwake.

"Niliacha uzi moja tu," akanong'ona. "Bertin akuwe na pa kushika. Moja haitakuumiza sana, mutoto yangu."

Akaenda kusalimia wageni. Vainqueur akaanza kula kwa mkono wa kulia. Ule wa kushoto aliulaza juu ya paja, na kidole cha kati kilikuwa tayari kinabonyeza, kinaachia, kinabonyeza... bila kumuuliza.